Futari ya Mkurugenzi

Kata ya maji bado iko hewani, msomaji, na mkono wa Bi Hafsa haujachoka. Ulipolikunja gazeti wiki iliyopita, mama huyu alikuwa amesimama mbele ya baraza la Kikoneni, amemnyooshea Mkurugenzi wa kampuni ya Bustani Kuu maji yaliyotekwa kisimani asubuhi hiyo, na kumwambia bila kupepesa macho, "Kunywa, tukuone."

Mkurugenzi Johnstone Munyoki akaitazama kata. Akaitazama na chupa yake ya plastiki iliyosafiri naye kutoka Nairobi, kizibo hakijafunguliwa. Kisha akafanya kosa kubwa: akanyoosha mkono akaichukua chupa.

Baraza zima likaguna.

"Mmeona wenyewe," akasema Kheri, yule kijana wa bodaboda ambaye ulimi wake haujui breki. "Hayanywi kwa kuwa anajua kiwanda chake kitayafanya nini."

Maskini, ukweli ulikuwa mdogo kuliko hapo. Bustani Kuu ina kanuni zake, na mojawapo yasema mfanyakazi akiwa nje ya ofisi haruhusiwi kula wala kunywa kitu kisichofungwa kiwandani. Kanuni hiyo ilitungwa na mtu wa Nairobi aliyewahi kuumwa na tumbo safarini. Lakini nenda ukawaeleze hayo watu waliokunywa kisima kimoja tangu babu zao, uone watakavyokutazama.

Aliyepaswa kuwaeleza ni Concepta Kaluki. Kazi yake ni kuwa daraja kati ya kampuni na wanakijiji, na daraja, kama ujuavyo, hukanyagwa na wanaokwenda na wanaorudi. Bustani Kuu ilimwajiri kwa kuwa amezaliwa papa hapa. Ilitaka kiwanja cha kando ya kisima ijenge kiwanda cha juisi ya maembe, nacho ni mali ya kijiji kizima.

Asubuhi, kabla Mkurugenzi hajafika, Concepta alikuwa amewaahidi watu kwamba hakuna mashine itakayogusa ardhi ile kabla baraza halijakubali. Watu walisitasita. Ndipo aliposimama mamake, Mama Kavenya, aliyehamia hapa kutoka Ukambani na jembe moja na kitabu cha nyimbo, akakaa miaka na miaka kabla majirani hawajaacha kumwita mtu wa bara.

"Mwanangu akisema, amesema," Mama Kavenya aliwaambia. "Akidanganya, mnihesabu mimi ndiye niliyedanganya."

Kwa hivyo unaona, msomaji, kilichokuwamo ndani ya kata ile. Hakikuwa maji tu.

Concepta hakungoja. Aliruka akaipokea kata, akainywa yote mpaka akaipindua, akajifuta mdomo. Watu wakacheka, lakini Bi Hafsa hakucheka.

"Wewe tumbo lako twalijua, tumelilea sisi," akasema, akachota tena. "Twataka kulijua la huyu."

Chupa ilikuwa inakaribia kufunguliwa. Concepta alisikia kizibo kikianza kulia, akajua kikilia mara ya pili, ahadi ya mamake imekwenda na maji. Moyo ukamruka, na ulimi ukaufuata moyo bila kuuliza njia.

"Bi Hafsa, niwie radhi," akasema. "Mkurugenzi amefunga."

Kizibo kikanyamaza.

Bwana Munyoki alikuwa mtu wa vikao, na watu wa vikao hutikisa kichwa kwanza, wakaelewa baadaye. Akatikisa kichwa. Alipoelewa alichokiitikia, watu wote walikuwa wameshamwona.

Uso wa Bi Hafsa ukabadilika kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Akairudisha kata kwenye mtungi kwa adabu. "Nami nimefunga," akasema. "Leo si Alhamisi? Ningejua, nisingemsumbua mwenye saumu kwa maji. Nisamehe, baba."

Mzee Rai, mwenyekiti wa kijiji, ambaye hupenda kueleza kila jambo hata likiwa wazi, akasimama kuwaeleza watu kwamba Wakristo nao hufunga, kwamba Mama Kavenya hapa hufunga Ijumaa kwa maombi, na kwamba kufunga ni kufunga. Watu wakaitikia. Concepta akaanza kupumua.

"Basi hawezi kuondoka," Bi Hafsa akamalizia. "Hapa kwetu aliyefunga hafuturu peke yake. Atafuturu nami, kwa dua na chakula chetu. Kiwanja tutakizungumza akishashiba."

Jua lilikuwa utosini. Magharibi ilikuwa mbali kama Lunga Lunga kwa miguu.

Concepta akamtazama mamake. Mama Kavenya alimzaa mtoto huyu, alimlea, na sauti yake ya uongo aliijua tangu siku ya kwanza ilipotumika kuficha sufuria iliyoungua.

Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyefurahi kupita kiasi, naye ni Joan Mukonyo, meneja wa mawasiliano wa Bustani Kuu. Alimvuta Concepta pembeni, miwani ya jua imepanda kichwani.

"Konse, wewe ni genius," akamnong'oneza. "CEO anafunga na community? Hii story ita-trend, nakwambia."

Joan akapanga mambo haraka, kama ilivyo desturi yake. Wenye kampuni walikuwa wanamngojea Mkurugenzi kwa chakula cha mchana katika hoteli moja ya Diani. Angekwenda yeye badala yake. Akachukua simu ya Bwana Munyoki, akisema mtu wa saumu haonekani akichezea simu. Akachukua na ya Concepta, isije ikalia wakati wa dua. Akaomba namba ya siri ya kuifungulia, endapo atahitaji kumpigia mtu wa hapa. Concepta akampa, akili yake ikiwa kwenye jua tu. Gari likaondoka na vumbi lake.

Mkurugenzi akabaki Kikoneni bila gari, bila simu, bila chakula cha mchana. Akamwita Concepta kwa kidole.

"Kaluki," akasema polepole, "mimi sijawahi kufunga maishani mwangu. Hata Kwaresima."

"Najua, bosi. Niwie radhi."

"Hoteli ilikuwa inaniwekea kamba wa kuchoma."

Concepta akapiga hesabu ya saa zilizobaki mpaka Magharibi.

Bi Hafsa naye aliamini kwamba mwenye saumu akikaa bure usingizi humchukua. Akamleta Bwana Munyoki uani kwake, akamwekea mbuzi ya kukunia na nazi kadhaa zilizovunjwa, akamwonyesha mara moja. Mkurugenzi wa Bustani Kuu, mtu ambaye saini yake hutetemesha ofisi za ghorofani, akapanda mbuzi na suruali yake ya suti, akaanza kukuna.

Habari zilienea mpaka Ramisi. Watu waliokuwa hawana haja na baraza wakapata haja. Wanawake walichambua mbaazi kumzunguka, wanaume wakaja kuazima vitu wasivyovihitaji. Rispah, anayeuza viazi karai pale njia panda ya Ramisi, alikuwa amekaa karibu na mlango na beseni lake tupu, akitabasamu peke yake. Concepta alidhani ni kwa ajili ya suruali. Aliona pia doa la rangi ya udongo kwenye mfuko wa shati la bosi wake, akadhani ni vumbi la njiani.

Mzee Rai alikuja na sahani ya muhogo wa nazi, akaketi mbele ya Mkurugenzi, akamwomba msamaha kwa kuwa yeye ana sukari na daktari amemkataza kufunga. Akala taratibu, akisifu kila tonge. Kheri akaleta fenesi, akalipasua pale pale. Bwana Munyoki alimeza mate hata waliokaa mbali wakaliona koo likipanda na kushuka.

Kisha mkono wake ukamsaliti. Vidole viliokota chembe za nazi zilizoanguka kwenye goti, vikaanza safari ya kwenda mdomoni kama vidole vya mkunaji yeyote. Wanawake wakaacha mbaazi. Concepta alifumba macho.

Alipoyafumbua, mkono ulikuwa umesimama karibu na kidevu. Mkurugenzi aliitazama nazi ile kwa huzuni ya kweli. Hakuna sheria iliyomzuia, wala mkataba. Akairudisha kwenye sinia.

Bi Hafsa akatazamana na Rispah, kisha akaendelea na mbaazi zake.

Baada ya hapo mazungumzo yakawa mengine. Njaa humwondolea mtu maneno makubwa. Bwana Munyoki hakuwa na nguvu ya kusema "wadau" wala "maendeleo endelevu". Akabaki na masikio. Watu wa Kikoneni waliyatumia vizuri.

Walimweleza habari za kampuni iliyowahi kufika huko nyuma, ikaahidi kuipaka rangi shule. Iliupaka ukuta mmoja tu, unaoelekea barabarani, ikachora nembo yake, ikapiga picha, ikaenda. Watoto mpaka leo wanauita ukuta wa kampuni, na wakicheza mpira ndio wanaoulenga.

"Na nyinyi mmetuletea fulana," akasema Bi Hafsa. Fulana za Bustani Kuu zilikuwa zimegawiwa asubuhi, kijani kibichi, zimeandikwa kifuani Sisi Sote Ni Familia. "Nilikuwa nataka kukuuliza. Mwezi uliopita nilimzika dada yangu. Kama sisi ni familia, wewe ulikaa wapi matangani?"

Mkono ulioshika nazi ukasimama.

"Sikujua," akasema Mkurugenzi.

"Ndiyo. Hukujua. Familia huambiana."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomchoma zaidi Concepta, kwa sababu maneno yale ya kifuani aliyapendekeza yeye, katika chumba chenye kiyoyozi, na wenzake wakampigia makofi. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Mkurugenzi hakusema hilo lilikuwa wazo la nani. Aliuliza jina la dada, akaambiwa ni Mwanasha, akalirudia. Kisha akaendelea kukuna.

Jua likaanza kulegea. Mkeka ukatandikwa, wali wa nazi ukapakuliwa, nazi ile ile ya Mkurugenzi, pamoja na mbaazi na kuku wa kienyeji. Tende zikaja kwenye kisahani. Na mbele ya mahali pa Bwana Munyoki, Bi Hafsa akaiweka kata, imejaa maji ya kisima.

Adhana ikatoka msikitini. Bi Hafsa akanyanyua tende, akamwashiria mgeni naye anyanyue.

Hapa, msomaji, kazi ilikuwa imekwisha. Alitakiwa kula tende moja tu na kunywa kata moja, na uongo wa Concepta ungezikwa kwa heshima zote. Kiwanja kingepatikana. Wenye kampuni wangepiga makofi. Concepta mwenyewe aliombea hivyo, na papo hapo akajichukia kwa kuomba.

Mkurugenzi akairudisha tende kwenye kisahani.

"Mama," akasema, "siwezi kufuturu. Sikuwa nimefunga. Ulipoleta maji nilikuwa naogopa kanuni ya kazini, basi. Nimeshinda na njaa kwa sababu mliniamini, nikaona haya."

Concepta alikuwa ameshasimama. "Si yeye," akasema. "Neno lilitoka mdomoni mwangu. Yeye alikuta limeshasemwa."

"Lilitoka kwako, lakini aliyetikisa kichwa ni mimi," Bwana Munyoki akamjibu. "Mkubwa akitikisa kichwa, neno ni lake."

Concepta alikuwa amefanya kazi Bustani Kuu miaka kadhaa, na katika muda wote huo hakuwahi kuona kosa likipanda ngazi. Makosa pale yalijua kushuka tu. Alitaka kulia na hakutaka kulia mbele ya wali.

Watu wote wakamgeukia Bi Hafsa. Bi Hafsa alikula tende yake, akatema kokwa, akanywa maji. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa anacheka.

"Rispah," akaita, "hebu mwambie."

Rispah akajisogeza na beseni lake. "Bosi, viazi karai vyangu vya asubuhi vilikuwa vitamu, si ndiyo? Ulishusha kioo, ukaongeza na vingine. Nikakuwekea ukwaju wa kutosha." Akakionyesha kile kifuko cha shati. "Ule pale, bado haujatoka."

Mkurugenzi akainamisha kichwa akalitazama doa. Kwa hivyo kanuni za kampuni zilikuwa zimevunjwa njia panda ya Ramisi kabla baraza halijaanza, tena kwa kuongezewa.

"Mlijua?" Concepta akauliza. "Tangu mchana mlijua?"

"Tulijua kabla hujamaliza kusema, mwanangu," Bi Hafsa akamjibu. "Rispah alikuwa ameshaninong'oneza barazani. Neno la kampuni tumelisikia mara nyingi. Huja asubuhi, likaondoka na gari. Nilitaka nilione moja likishinda na njaa mpaka Magharibi." Akaisogeza kata. "Sasa kunywa. Si kwa saumu. Kwa ujirani."

Bwana Munyoki aliinyanyua kata kwa mikono miwili. Hakuonja, alikunywa mpaka maji yakamtiririka kidevuni yakaliosha doa lake. Kheri ndiye aliyeanza kupiga makofi, na uani pote pakashangilia. Tonge la kwanza la wali Mkurugenzi alilimeza bila kulitafuna, akapewa la pili na Bi Hafsa kwa mkono wake mwenyewe. Mama Kavenya akamfinya Concepta begani. Kufinya kule kulikuwa na adhabu na msamaha kwa pamoja, na Concepta alivipokea vyote viwili.

Mzee Rai akasimama, sahani mkononi, kutangaza kwamba kwa maoni yake baraza la kesho litakuwa na uso mwingine kabisa. Alikuwa hajafika mbali, kwa maana yeye huanzia mbali, mngurumo ulipotokea upande wa barabara.

Taa mbili kubwa zikaingia kijijini. Lilikuwa lori refu limebeba mashine ya kuchimbia, chuma tupu, mnara wake umelazwa kama shingo ya twiga aliyelala. Likapita nyumba ya Bi Hafsa, likakata kona, likaelekea moja kwa moja kisimani.

Chakula kikaachwa. Watu walilifikia likiwa linarudi kinyumenyume kwenye kiwanja. Dereva akatoa kichwa dirishani.

"Concepta Kaluki ni nani hapa?"

"Ni mimi," Concepta akasema.

"Haya, tumefika. Umetuma ujumbe kwamba kijiji kimekubali, tuje upesi, tuanze kuchimba leo leo. Tumetoka Ukunda mbio."

Mkono wa Concepta ulikwenda mfukoni kutafuta simu. Haukukuta kitu. Hapo ndipo alipokumbuka miwani ya jua, namba ya siri, na vumbi la gari lililoondoka mchana.

"Si mimi," akasema. Lakini alisikia mwenyewe neno hilo lilivyokuwa jepesi. Hata tonge la wali halijamshuka tangu akiri uongo mmoja mbele ya watu hawa hawa. Huu wa pili, nani atauita ukweli? Mkurugenzi alikuwa anafoka kwamba hajaagiza mashine yoyote. Dereva akamtazama mtu yule mwenye chembe za nazi magotini, akauliza yeye ni nani.

Makofi ya Kheri yalikuwa yamekwisha. Bi Hafsa hakumtazama Concepta hata kidogo. Alimtazama Mama Kavenya.

Mama Kavenya akajifunga leso kiunoni. Akapita katikati ya watu bila kumsukuma mtu, akazunguka lori, akasimama nyuma yake, kati ya magurudumu na kisima, mwanga mwekundu wa taa za nyuma ukimwangaza miguuni.

"Nilisema akidanganya mnihesabu mimi," akasema. "Basi nihesabuni hapa."

Dereva hakumsikia. Alikuwa ameshaingiza gia ya kurudi nyuma.